Reli ya Bububu katika Chumba cha Juu



Mwenye kushuka King's Cross akaifuata Pentonville Road kuelekea mashariki, kisha akaingia kushoto katika Calshot Street, atafika kwenye jengo liitwalo Keen House. Humo ndimo makao ya The Model Railway Club, chama cha waundaji wa reli ndogo kilichoasisiwa mwaka 1910, nacho huhesabiwa kuwa kikongwe kuliko vyote vya namna hiyo duniani. Wenye watoto na wajukuu tunawasihi waulizie siku za kupokea wageni. Ni matembezi yasiyo na gharama kubwa, na mtoto hurudi na maswali ya wiki nzima.

Kazi yao mashuhuri huitwa Copenhagen Fields. Ni kipande cha London kilicho nyuma ya King's Cross, kama kilivyokuwa baina ya vita vikuu viwili. Futi moja ya kweli imefanywa milimita 2, hata behewa la futi 60 likawa na urefu wa milimita 120 tu, laenea kiganjani. Tena nyumba za nyuma zimezidi kupunguzwa kuliko za mbele, ili jicho lidhani mji waendelea hadi upeo wa macho. Katikati umesimama mnara wa saa wa soko kubwa la mifugo lililofunguliwa mwaka 1855. Mnara wa kweli ungalipo hadi leo katika Caledonian Park, lakini soko limekwisha zamani, na pale walipofungwa ng'ombe leo pana bustani na nyumba za watu. Waundaji wameufufua mtaa huo kwa ramani za kale na picha, wakianza kazi katika miaka ya 1980, na soko lenyewe lilikuwa limekwisha toweka.

Hilo ndilo lililotushika sisi. Kwani nasi tunayo reli iliyotoweka. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, ilijenga Unguja reli nyembamba ya maili 7, kutoka Ngome Kongwe, kupita katikati ya vichochoro vya Malindi, hadi Bububu. Serikali iliinunua mwaka 1911. Motokaa zilipozidi, abiria waliachishwa mwaka 1922, ikabaki kwa muda kubeba mawe ya kufukia bahari bandarini. (Wapo wasemao jina la Bububu limetokana na mlio wa garimoshi. Si kweli hata kidogo. Binti Salme alikwisha kuitaja Bububu katika kitabu chake kilichochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, kabla treni hiyo haijaota mtu.)

Basi tangu wanetu walipooa na kuolewa, chumba cha juu kilikuwa kitupu, na huko ndiko sisi, babu, bibi na wajukuu wawili, tulikoijenga. Tulichagua kipimo cha milimita 4 kwa futi, kilichoenea nchini Uingereza, kwani vipuri vyake hupatikana hata vya mtumba. Lakini kwa kipimo hicho maili 7 zingetaka karibu mita 150, na ubao wetu una mita 3 na nusu! Ikatubidi tuchague, tukachukua Malindi na mwanzo wa njia ya shamba.

Kuta za mawe tumezifanya kwa plasta iliyokwaruzwa kwa sindano ikiwa bado mbichi. Makuti ni nyuzi za zulia la mlangoni. Udongo ni majani ya chai yaliyokwisha pikwa, yakaanikwa juu ya hita na kunyunyizwa juu ya gundi; na kwa chai inywewayo nyumbani kwetu, udongo hautaadimika. Transfoma huushusha umeme wa nyumba hadi volti 12, nao hupita katika reli zenyewe na kupandia magurudumuni. Adui mkubwa ni vumbi. Reli isipopanguswa kwa spiriti, treni husita na kugutuka kama punda aliyeona nyoka. Mjukuu wa kiume ndiye dereva, dada yake ndiye mpiga kengele, na ratiba wameitunga wao: wakati wa Magharibi hakuna treni.

Hatukutazamia kwamba wazee wenzetu wangepanda ngazi ili kuja kubishana. Baraza hii ilikuwa upande wa kulia. La, wa kushoto. Mlango ule haukuwa na njumu. Bi mkubwa mmoja, mzaliwa wa Malindi, ambaye mamake alilipanda garimoshi hilo utotoni, alikuwa akija Jumamosi, akikaa kitini na fimbo yake, akielekeza. Alituhadithia jinsi cheche zilivyotoboa kanga za abiria, na kwamba watoto wa nyumba za kando ya njia walikatazwa kutoa mikono madirishani. Alikwisha kutufikisha mwisho wa vichochoro. Kipande cha baada ya hapo aliahidi kutueleza baridi ikipungua. Akafariki mwezi wa Februari, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kipande hicho, chenye urefu wa mkono mmoja, kingali ubao mtupu, na nyumba yetu imegawanyika. Mjukuu ataka tupande minazi tu, treni ipate pa kupita. Asema hata wale wa Keen House hawakuliona soko lao. Bibi yake amjibu kwamba wao walikuwa na picha. Kwa sasa tumetandika reli bila ya kitu kingine kando yake, na treni hupita hapo polepole.

Aliye na picha ya zamani ya njia hiyo, au aliyesimuliwa na wazazi wake, tafadhali amwandikie mhariri, naye atatufikishia. Anayependa kuja mwenyewe, wajukuu huendesha Jumamosi baada ya Adhuhuri.