Sikio la Kusikilizia Popo

Sikio la mwanadamu lina mpaka wake. Sauti ikipita mitikisiko 20,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 20, hata kijana mwenye masikio mazima haisikii. Popo wengi hulia juu ya mpaka huo, kisha husikiliza mwangwi unaorudi, na kwa mwangwi huo huepa matawi na kukamata wadudu gizani. Siri hiyo ilianza kufichuka mwaka 1938 katika chuo cha Harvard, Marekani, Donald Griffin alipowasikiliza popo kwa chombo cha mwanafizikia G. W. Pierce. Siku hizi vyombo vya namna hiyo vimekuwa vingi na vidogo, na mnunuzi ameachiwa taabu ya kuchagua.

Taabu hiyo ilinifikia mimi nilipoombwa na wanafunzi wa chama chetu cha viumbe, katika pwani ya kusini ya Kenya, niwachagulie chombo kimoja. Fedha ilikuwa kidogo. Jambo lenyewe halikuwa dogo. Karibu na shule kuna shimo katika mwamba wa matumbawe, mdomo wake mwembamba hata mtoto hapiti, na mwenye shamba alitaka kukata mawe ya kujengea mahali hapo. Alisema shimo halikaliwi na kiumbe. Chombo cha kuazima kilitegwa hapo kwa siku mbili usiku, kikawa kimya, naye akakishika kimya hicho kuwa ushahidi.

Nilikichungua chombo kile. Kilikuwa chema, lakini kilifaa zaidi popo wa Ulaya, ambao wengi wao hulia chini ya kilohezi 120. Kilipima sauti mara 256,000 kwa sekunde. Na chombo cha jinsi hiyo hakiwezi kushika sauti inayopita nusu ya hesabu yake, yaani kilohezi 128. Sasa, katika mapango ya pwani yetu huishi popo mdogo mwenye pua ya jani, ambaye wataalamu humwita Hipposideros caffer. Yeye hulia karibu na kilohezi 140. Angeweza kupita mbele ya chombo kile usiku kucha akipiga kelele, nacho kisiandike neno.

Viko vyombo vinavyofanana na redio: hugeuza kitufe ukamngojea popo mmoja, na wengine wote wakapita. Ni vya kupendeza kwa matembezi ya jioni, lakini ushahidi haviweki. Nilichagua kinasa kinachopima mara 384,000, kwa kuwa hufika kilohezi 192. Lau shule yetu ingalikuwa karibu na Mlima Suswa, ningalitazama upande wa pili wa kipimo; popo wakubwa wa Otomops walio katika mapango ya huko hulia chini sana hata sikio tupu huwasikia, na chombo kinachochuja sauti za chini ili kunyamazisha nyenje kingewachuja na wao. Ama wale popo wanaogombea maembe yetu, aina nyingi kati yao haziongozwi na mwangwi, bali na macho na pua. Kwa aina hizo chombo chochote ni fedha iliyotupwa.

Tulikitega kinasa hatua mbili tu kutoka mdomo wa shimo, maana sauti nyembamba hufa upesi katika hewa yenye joto na unyevu. Asubuhi wanafunzi walipunguza mwendo wa sauti mara 10, kilohezi 140 ikashuka kuwa 14, ikasikika kama filimbi ya mbali, tena na tena. Wakamwita mwenye shamba.

"Hizi si nyenje?" akauliza.

"Si nyenje, Mzee," mmoja akajibu. "Ni wapangaji wako."

Aliomba asikilizishwe mara ya pili. Hajasema kwamba ataacha kukata mawe. Amesema atangoja mvua za masika zipite.