Jiwe la Shilingi Mia na Kumi

Msomaji mwenzangu, kama nawe ni mmoja wa wale wanaoandika usiku na asubuhi wanaficha daftari chini ya godoro, kaa hapa tuongee.

Nilikwenda Edinburgh, Scotland, kwa kozi ya miezi mitatu. Kwenye mkoba nilikuwa na madaftari mawili: langu, na la rafiki yangu marehemu. Tulikuwa tukikutana Jumamosi kibarazani, vijana saba na kahawa ya mkopo, tunasomeana mashairi. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wetu. Alipofariki tulichanga, tukamzika Kinondoni, tukasimika kibao cha mbao chenye jina lake kwa rangi nyeupe. Mvua za masika mbili tu, jina likafutika. Mama yake akanikabidhi daftari. "Mwanangu, wewe unajua cha kufanya." Nikasema ndiyo mama. Miaka sita ikapita.

Basi, siku ya kwanza ya mapumziko nikaingia Royal Mile, mtaa mkongwe unaoteremka kutoka ngomeni hadi kasri la Holyrood. Hauzidi kilometa mbili, lakini mimi ulinila saa nne, maana kila hatua kuna kibao. Juu kule kuna Gladstone's Land, nyumba ya mawe ya ghorofa sita, ya miaka ya 1600. Watu walibanana humo kama sisi uswahilini, ila wao walibanana kwa kwenda juu. Mbele kidogo wamepanga mawe ya barabara yakatoa umbo la moyo, pale ilipokuwa jela ya zamani iliyobomolewa mwaka 1817. Wenyeji wakipita wanautemea mate. Nikacheka peke yangu. Kwetu mgambo wangekusomba.

Wakubwa wote wapo. Mwanafalsafa David Hume amekaa juu ya kiti chake, kidole cha mguu kinang'aa kwa kushikwashikwa na watu wanaotafuta bahati. Adam Smith naye amesimama juu, unamtazama mpaka shingo inauma. Kwenye kichochoro kimoja nikasoma kwamba mshairi Robert Burns alipanga hapo alipokuja mjini mara ya kwanza, mwaka 1786. Jamaa alikuwa mkulima, hana kitu. Chumba kimoja, kitanda kimoja, analala mzungu wa nne na karani rafiki yake.

Nikateremka mpaka Canongate. Nje ya kanisa nikakuta sanamu ya kijana anatembea na kitabu mkononi. Huyu hajapandishwa popote. Yuko chini, kwenye njia ya waenda kwa miguu, ukizubaa mnagongana. Ni Robert Fergusson.

Jamani, huyu kijana ni wa kwetu! Alizaliwa mjini humo mwaka 1750. Baba alifariki, chuo akakiacha bila shahada, akapata kibarua cha kunakili hati za ofisi. Mchana ananakili maneno ya wengine, usiku anaandika yake. Kwanza aliandika Kiingereza cha kujikaza, mambo ya wachungaji na filimbi. Kisha mwaka 1772 akaanza kutoa mashairi kwa Kiskoti, lugha ya sokoni na vilabuni, katika gazeti dogo la kila wiki. Watu wakajiona humo. Mwaka 1774 alianguka ngazini, akaumia kichwa, akili ikavurugika. Mama yake mjane hakuweza kumuuguza, akapelekwa nyumba ya vichaa. Oktoba mwaka huohuo akafa, umri miaka 24. Wakamzika hapo kanisani bila hata jiwe.

Miaka kumi na mbili baadaye ndipo Burns anafika. Yeye alimsoma Fergusson, akajua kumbe lugha ya nyumbani inatosha. Alipoona kaburi halina alama, Februari 1787 akawaandikia wakubwa wa kanisa kuomba ruhusa ya kuweka jiwe kwa gharama yake. Fundi alichukua miaka miwili kulisimamisha. Burns naye akachukua mingine kulilipa. Mpaka mwaka 1792 ndipo deni linakwisha. Pauni 5 na shilingi 10. Enzi hizo pauni moja ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo piga hesabu: shilingi mia na kumi.

Nilisimama mbele ya jiwe lile, baridi inanikata masikio. Sikulilia Fergusson, nisikudanganye. Niliona aibu. Nilikuwa nimelibeba daftari la mwenzangu miaka sita nikisingizia hela ya uchapaji, nikingoja sijui wizara, sijui mfadhili. Na kumbe hapa si serikali iliyoanza, wala si matajiri wa mji. Ni mshairi mwenzake, tena mwenye madeni, tena aliyechelewa.

Usiku ule nikafungua daftari nikaanza kunakili. Hati yake mbaya, unaijua, "r" kama "v". Sasa nimefika shairi la kumi na saba, yamebaki ishirini na matatu. Ukurasa mmoja umeloa, beti mbili hazisomeki.

Kama nawe ulikuwa ukikaa kile kibaraza cha Jumamosi, na una karatasi yake yoyote, hata imeliwa na mende, nitafute.