Kulima kwenda juu, Kibera

Fuata reli inayokatiza mtaa wa Kibera jijini Nairobi, upande wa Laini Saba, utakuta magunia yamesimama wima kando ya kuta za mabati, kila moja likifika kiunoni, sukuma wiki zimechomoza ubavuni pande zote. Mlango wa jirani uko hatua mbili tu, maji machafu yanapita katikati ya kichochoro, na hakuna pa kuchomeka hata mche mmoja wa nyanya. Kwa hiyo watu wanalima kwenda juu.

Mama aliyenikaribisha alikuwa anaanza gunia jipya. Alichanganya udongo na samadi ya mbuzi, akaukunja mdomo wa gunia, akasimamisha katikati yake mkebe wa mafuta ya kupikia uliokatwa kitako. Mkebe akaujaza kokoto, kisha akamwaga udongo kuuzunguka. Udongo ulipofika ukingoni aliuvuta mkebe juu taratibu, kokoto zikabaki, akajaza tena. Aliendelea hivyo hadi gunia likawa na nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu. Nguzo hiyo ndiyo siri ya kazi yote. Bila hiyo maji huishia kwenye udongo wa juu, miche ya chini ikakauka. Kisha akatoboa ubavu kwa kisu, matundu yakipishana ili mizizi isibanane, akapachika miche mmojammoja na kuikandamiza kwa kidole gumba. Juu akapanda vitunguu.

Maji hapa hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, basi gunia linanyweshwa yale yaliyooshea mchele na mboga. Baada ya mwezi na nusu hivi ataanza kuchuma majani ya chini, akiuacha moyo wa mche uendelee, na likitunzwa vizuri atachuma kwa miezi mingi. Halitoshi kulisha nyumba nzima. Lakini siku ambayo kibarua hakikupatikana, pesa ya mboga inabaki kununua unga, na mwenye watoto anajua uzito wa jambo hilo.

Kilimo hiki kilishika kasi mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, reli hii ilipong'olewa na chakula kikawa adimu na ghali. Shirika la Solidarités la Ufaransa liligawa miche na kufundisha watu. Mwaka huohuo vijana wa hapa walisafisha jaa la taka kando ya reli wakaligeuza shamba, wakapanda na alizeti ili zinyonye sumu ya metali ardhini.

Nilidhani wakulima wangelalamikia maji. Wao walitaja udongo. Ule wa vichochoroni umejaa plastiki, vigae na uchafu wa vyoo, kwa hiyo mzuri unaletwa na mkokoteni kutoka mbali, tena kwa pesa. Shida ya pili ni nafasi. Mwenye nyumba akitaka kuongeza chumba, magunia ndiyo ya kwanza kuondoka. Na Julai 2018 matingatinga yalibomoa makazi ya maelfu ya watu ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Gunia lililojaa udongo mbichi linataka wanaume watatu kulisogeza, na asubuhi ya tingatinga hakuna mwenye wanaume watatu wa kubeba mboga.

Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza kilimo cha mjini mwaka 2015, na naiunga mkono kwa moyo wote. Ila sheria hiyo lazima imfikie mpangaji wa chumba kimoja cha mabati, na ningependa ianzie kwenye udongo. Masoko ya jiji hili hutupa maganda na majani kila jioni. Yakiozeshwa vizuri ni mboji, na mikono ya kuyageuza iko tele Laini Saba. Kinachokosekana ni kiwanja kidogo cha kuyaozeshea, chenye hati, ambacho mtu hataamka akikute kimebomolewa.