Venice kwa Simu, Lamu kwa Nahodha

Sisi tunaoishi Bologna, Venice kwetu ni safari ya kutwa: treni ya asubuhi kwenda, ya jioni kurudi. Siku hizi safari hiyo huanzia kwenye simu. Tangu Aprili 2024, mgeni asiyelala mjini hutozwa ada ya kuingia katika siku zilizotangazwa kuwa za msongamano. Ilianza kwa yuro 5. Mwaka 2025 aliyechelewa kulipia alitozwa 10. Anayelala hotelini hadaiwi, kwani ameshalipa kodi ya wageni. Hata bahari ina ratiba: manispaa hutangaza utabiri wa maji kujaa, nawe unajua mapema kama utahitaji viatu vya mvua. Yakitarajiwa kupanda sana, malango ya MOSE, yaliyoanza kazi Oktoba 2020, huinuliwa kuyazuia.

Lamu nayo ni mji wa kale usiopitisha magari vichochoroni, na nayo huendeshwa na maji. Ukitaka kufika kisiwa cha Pate, boti hupita mkondo wa Mkanda, na Mkanda hupitika maji yakiwa yamejaa. Basi saa ya kuondoka huamuliwa na mwezi, na anayeijua ni nahodha. Kalenda ya mji pia yataka kuulizwa. Maulidi huangukia Mfungo Sita, mwezi unaorudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kizungu. Wageni humiminika na vyumba huwa adimu. Ramadhani, mchana, usitegemee mikahawa. Masika, bahari huchafuka.

Wenzangu wa ughaibuni hulalamika kwamba nyumbani hakuna mpangilio. Upo, ila umo vichwani mwa watu, na hutolewa kwa salamu na maulizo. Mwenye shangazi Langoni, mtaa wa Lamu, hupata kila kitu kwa simu moja. Tatizo ni asiye na mtu: Mkenya wa Kakamega au Mtanzania wa Mbeya huishia kulipa nauli ya mgeni, na huenda akakaa gatini akisubiri maji ambayo angeambiwa tangu jana yake.

Hapo ndipo ningependa tuige Venice. Ada yao ibaki kwao. Lamu haijafurika kiasi hicho. Bango la saa za maji na nauli pale gatini lingetosha, na halingempunguzia nahodha heshima wala riziki. Kwa sasa, anayepanga likizo ya Lamu atafute kwanza namba ya nahodha, kisha ndipo alipie chumba.