Barua kutoka Ughaibuni: Tembea, Kisha Uulize

Wapendwa wa Kangema,

Nawaandikia kutoka Uingereza. Kwetu husemwa kwamba asiyesafiri hudhani mamake pekee ndiye ajuaye kupika, na Waswahili nao huhimiza: tembea uone. Tumezisikia kauli hizo hadi tukaamini kwamba safari yenyewe ndiyo mwalimu, kwamba aliyepanda ndege amekwisha kuelimika, na aliyebaki kwenye miteremko ya Nyandarua akichuma chai amepitwa na dunia. Mimi nashikilia kwamba kinachoelimisha ni udadisi, na udadisi hauombi viza.

Tazameni kikombe cha chai. Hapa kifuko hutumbukizwa katika maji moto na maziwa kutiwa baadaye, ilhali kwetu majani, maji na maziwa huchemshwa katika sufuria moja. Mgeni aweza kuishia hapo, akarudi na hadithi ya watu wasiojua kupika chai. Mdadisi ataigeuza pakiti aisome. Atakuta jina la kampuni kwa herufi kubwa, lakini la Kangema hatalikuta, kwa kuwa majani ya viwanda vyetu, kama Kanyenya-ini, kwa sehemu kubwa hupitia mnada wa chai wa Mombasa, kisha huchanganywa na ya kwingineko. Hapo swali huzaa swali. Thamani huongezeka wapi kati ya Mombasa na rafu ya duka? Mbona wakulima wadogo, walio chini ya shirika la chai la KTDA tangu 1964, bado huuza chai yao nyingi bila jina lao? Anayechuma majani mawili na kichipukizi aweza kuuliza hayo hayo, tena kwa uchungu zaidi, maana ndiye anayesubiri bonasi ya chai.

Ushahidi mwingine uko jirani na Kangema, ukishika njia ya Kiria-ini na Othaya hadi Nyeri. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alikwenda Marekani mwaka 1960, akasomea biolojia Kansas na baadaye Pittsburgh. Wakenya wengi walisafiri miaka ile wakarudi na shahada. Yeye, alipokuwa akitafiti kupe wa ng'ombe baada ya kurejea, aliona mito imejaa tope, akataka kujua udongo ule unatoka wapi. Jibu lilimfikisha kwenye miti iliyokatwa, likazaa vuguvugu la kupanda miti la Green Belt Movement mwaka 1977, na mwaka 2004 akatunukiwa Nobel ya Amani. Ugenini alipata mbinu za kutafuta jibu. Swali lilikuwa likimngoja nyumbani.

Mtaniambia udadisi ni anasa, kwamba anayefanya zamu mbili katika makao ya wazee huku Uingereza ili atume karo hana nafasi ya kuwaza. Pingamizi hilo nalipa heshima yake, kwani fedha hizo zinasomesha watoto na kutibu wagonjwa. Hata hivyo, kazi hiyo hiyo ina maswali ndani yake: jamii hii hutunzaje wazee wake, nani hulipa, na sisi tuige nini au tuepuke nini, wakati vijana wetu wanahamia Nairobi na wazazi wanabaki peke yao vijijini? Wengine wataogopa kwamba anayeuliza sana huishia kudharau kwao. Naona kinyume chake. Anayedharau kwao ni yule aliyelinganisha barabara na barabara, nyumba na nyumba, asiulize kila moja ilijengwaje na kwa jasho la nani.

Kwa hiyo wenetu watakaporudi Desemba, msiishie kuuliza wamebeba nini. Waulizeni walikokwenda waliuliza nini. Nao wawaulize ninyi mbona mto Mathioya hugeuka rangi ya udongo mvua ikinyesha, kwani mwenye jibu huenda ni mtu asiyewahi kuvuka mji wa Thika.

Wenu katika udadisi.