Kwa Mpwa Wangu Anayepanda Ndege na Skuta Yake

Kigongo,
Wilaya ya Misungwi,
Mwanza.
12 Januari, 2026

Mpwa wangu mpendwa,

 Habari ya kupata kwako nafasi ya masomo Uholanzi imeifurahisha nyumba nzima. Mama yako ameniambia pia kwamba unafikiria kuiacha skuta yako ya kutembelea huko Sengerema, kwa kuwa viwanja vya ndege vina viti mwendo na watu wa kusaidia hawakosekani. Hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Neno langu ni moja: safiri na skuta yako, na maandalizi yake yaanze kabla hujalipia tiketi. Kiti mwendo cha uwanjani mwisho wake ni mlango wa kutokea. Ukishatoka hapo kuna bweni, darasa, duka na kituo cha treni. Nani atakusukuma kila siku?

Najua watu wetu wana huruma, nami nimeila sana huruma hiyo. Unakumbuka hali ya kivuko cha Kigongo na Busisi kabla Daraja la J.P. Magufuli halijafunguliwa Juni 2025. Siku moja upande wa Busisi, vijana wenye roho nzuri waliniona kwenye msongamano, wakaninyanyua juujuu na kuniingiza kivukoni kabla sijamaliza kuwaeleza. Baiskeli yangu ya mikono ilibaki ng'ambo. Nilipofika Kigongo nikaketishwa juu ya gunia la dagaa, nikangoja hapo mpaka kivuko kilipokwenda na kurudi. Siwalaumu vijana wale hata kidogo. Lakini huruma humbeba mtu, chombo chake ikakisahau, na aliyefikishwa bila chombo hawezi hata kwenda kujinunulia maji. Uwanjani utakutana na wema wa namna hiyohiyo. Upokee, ushukuru, ila usiufanye kuwa ndio mpango wako wa safari.

Anza na betri, maana ndiyo itakayoulizwa kwanza. Betri ya lithiamu ikipata shoti huwaka moto mgumu kuzimika, na angani hakuna pa kukimbilia. Kanuni za IATA, jumuiya ya mashirika ya ndege duniani, zinasema betri ya lithiamu ya kuchomoa isizidi wati-saa 300, nayo huchomolewa ukaingia nayo kwenye sehemu ya abiria. Zikiwa mbili, kila moja isizidi wati-saa 160. Hesabu yake ni kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 24 na ampea-saa 10 ni wati-saa 240, inapita. Ya volti 36 na ampea-saa hizohizo ni 360, itakataliwa. Betri kavu ya jeli huruhusiwa kubaki ndani ya skuta, mradi imefungwa imara na umeme wake umekatwa. Kama maandishi ya kwenye betri yamefutika, mwandikie mtengenezaji akupe karatasi yenye namba hizo. Mtu wa kaunta haruhusiwi kukuamini kwa mdomo.

Kisha pima urefu, upana, kimo na uzito wa skuta, usukani ukiwa umekunjwa. Ndege zinazotoka Mwanza hazilingani. Mlango wa mizigo wa ndege ya mapangaboi ni mdogo kuliko wa ndege kubwa utakayopanda Dar es Salaam, na chombo kinachopita kwenye mmoja huenda kikakwama kwenye mwingine. Ukinunua tiketi, mpe wakala vipimo hivyo kwa maandishi, mwombe athibitishe safari zote mbili, na jibu lake lichapishe. Usisubiri siku ya safari. Saa 48 kabla ndiyo mwisho wa kutoa taarifa kwenye mashirika mengi, lakini wewe toa mapema zaidi.

Zipo herufi ambazo wakala huingiza kwenye tiketi, na ni vizuri uzijue. WCHR ni abiria anayeweza kupanda ngazi ila hawezi mwendo mrefu. WCHS ngazi haziwezi, lakini hujikongoja hadi kwenye kiti chake. WCHC huhitaji kufikishwa mpaka kitini. Wewe ni WCHS, usikubali kuandikiwa WCHR, maana utaachwa chini ya ngazi. WCLB ni taarifa kwamba una chombo chenye betri ya lithiamu. Hakikisha WCHS na WCLB zote mbili zimo kwenye tiketi.

Sasa skuta yenyewe. Nyuma, karibu na injini, kuna kile kiwiko cha kuachia magurudumu. Kikiwa upande wa kuendeshea, magurudumu hujifunga, na mpakiaji asiyejua ataiburuta kwa nguvu hadi avunje breki ya injini. Kikiachiwa, skuta husukumika, lakini haina breki na huteleza kwenye mteremko. Andika maelezo hayo kwa Kiswahili na Kiingereza, chora mshale, funika karatasi kwa nailoni na uibandike kwenye usukani. Ziba ncha za betri uliyoichomoa kwa selotepu. Ufunguo, kioo, kikapu na mto wa kukalia ingia navyo ndani. Mto huo ukalie njia nzima, ngozi yako isije ikachubuka kwa safari ndefu. Chaja nayo usiisahau. Umeme wa Uholanzi una volti kama za kwetu, ila plagi zao ni za pini mbili za mviringo, kwa hiyo beba adapta.

Kaa kwenye skuta yako hadi karibu na ndege iwezekanavyo, na uombe urudishiwe mlangoni pa ndege, isipelekwe kwenye mkanda wa mizigo. Ipige picha pande zote kabla ya kuikabidhi, na tena ukiipokea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa imevunjika, usitoke uwanjani bila kuandikisha na kupewa nakala. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unakupa siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Fidia yake ya mizigo ina kikomo, ambacho sasa ni zaidi kidogo ya dola 2,000 za Marekani. Skuta yako ikiwa na thamani kubwa kuliko hiyo, itangaze thamani yake wakati wa kuikabidhi na ulipe ada itakayodaiwa, au uikatie bima.

Haya yote usiyaombe kwa unyonge. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Nako Ulaya, kanuni namba 1107 ya mwaka 2006 inataka abiria mwenye ulemavu asaidiwe bure uwanjani, na vyombo vyake vya kutembelea, hadi viwili, visafirishwe bila malipo. Kanuni hiyo itakulinda siku utakapopanda ndege Amsterdam kurudi nyumbani, hata kama ndege si ya Ulaya. Sema kwa adabu, ukiwa na karatasi mkononi, na mwenye haraka mwombe akuitie mkubwa wake.

Kesho asubuhi igeuze betri, ipige picha pale palipoandikwa volti na ampea-saa, unitumie. Tutapiga hesabu pamoja, kisha ndipo uende kwa wakala. Nenda kasome, mpwa wangu, na uende kila unakotaka bila kumngoja mtu. Mungu akutangulie.

Wako akupendaye,
Mjomba