Karatu, Kata Kushoto

Magari ya watalii yakitoka Arusha huwa hayana muda na Karatu. Yanapita Makuyuni, yanakatiza joto la Mto wa Mbu, yanaukwea ukuta wa Bonde la Ufa kona baada ya kona. Juu pale abiria hushuka kidogo wakalipiga picha Ziwa Manyara, kisha safari ya Ngorongoro inaendelea. Sina neno na Ngorongoro. Ila anayependa riadha akifika Karatu na akate kushoto, ashike njia ya Mbulu, kwa kuwa huko ndiko ndoto ya dhahabu ya Olimpiki ya Tanzania imekaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote nchini.

Ni nchi ya milima iliyolimwa hadi kileleni. Udongo mwekundu, mashamba ya ngano na mahindi, mbaazi kando ya maharage, ng'ombe wakiteremka kwenda kunywa maji. Wairaqw wameitunza ardhi hii kwa mkono na samadi vizazi kwa vizazi, na matunzo hayo yanaonekana kwa macho. Mto wa Mbu uko chini ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mbulu mjini uko juu zaidi kwa mamia ya meta, na jioni hutatoka nje bila sweta. Hewa ni nyepesi. Mgeni akipanda kilima kidogo tu anahema, ilhali mtoto wa hapa amezaliwa nayo na mwili wake umekwisha kujifunza kuitumia.

Wakimbiaji wafuate alfajiri. Utasikia kwanza vishindo vya miguu, halafu watokee kwenye ukungu, mmoja nyuma ya mwenzake, raba zimeiva vumbi. Waendesha bodaboda huwapisha bila kupiga honi. Mlimani hawapunguzi mwendo. Wanafupisha hatua, mabega yametulia. Ninaweza kuwatazama hivyo asubuhi nzima nisichoke.

Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari. Dunia inamjua kwa jioni moja ya mwaka 1968 mjini Mexico, alipoanguka katikati ya marathoni ya Olimpiki, goti likateguka, likafungwa bandeji, naye akaendelea hadi akaingia uwanjani giza limeshaanza, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma aanze mbio, ilimtuma azimalize. Nalipenda jibu lile, lakini inaniuma kwamba wengi wamebaki na bandeji tu. Akhwari alikuwa mkimbiaji wa daraja la juu: mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alishika nafasi ya 5 katika marathoni. Hakwenda Mexico kushiriki tu. Alikwenda kushinda.

Halafu Filbert Bayi, mtoto wa Karatu. Mwezi Februari 1974, Christchurch, New Zealand, fainali ya meta 1,500 ya Jumuiya ya Madola: alitoka mbele tangu bastola ilipolia na hakumpisha mtu hadi mwisho, dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand aliyemfuata naye aliivunja rekodi ya zamani, na bado akaambulia fedha. Dunia nzima ikasubiri wakutane kwenye Olimpiki ya Montreal 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na Tanzania pamoja na nchi nyingi za Afrika zikasusia Olimpiki ile kupinga ziara hiyo. Walker akachukua dhahabu kwa 3:39.17, sekunde 7 nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch. Fainali za Olimpiki huenda polepole kwa mbinu, najua. Lakini Bayi akiwemo, nani angethubutu kwenda polepole? Uamuzi wa kususia ulikuwa wa haki, nauunga mkono hadi leo, na sehemu nzito ya gharama yake ilibebwa na kijana mmoja wa Karatu.

Moscow 1980 alirudi kwa mbio nyingine, meta 3,000 za kuruka viunzi na maji. Aliongoza kwa pengo kubwa, Bronisław Malinowski wa Poland akampita mzunguko wa mwisho. Fedha. Suleiman Nyambui naye akapata fedha katika meta 5,000. Ndizo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata mpaka sasa.

Mwezi Septemba 2025, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03 dhidi ya Amanal Petros wa Ujerumani. Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Ni yuleyule aliyemaliza wa 5 kwenye Olimpiki ya Rio 2016. Tangu siku ile, ukiwauliza vijana wa huku wanakimbilia nini, wanakutajia Los Angeles 2028 bila kusita. Binti mmoja aliyekuwa akinyoosha misuli kando ya barabara alinijibu, "Shikamoo kaka. Mimi nataka dhahabu. Fedha tulishapata."

Nami naamini itatoka huku, na sisemi kwa mapenzi tu. Miinuko ipo, hewa ipo, maziwa na ugali vipo, watu wasioogopa kazi wapo. Kinachokosekana ni viwanja vya tartani, makocha wanaolipwa vizuri na mashindano ya mara kwa mara, na vyote hivyo vinanunulika kwa fedha. Mwinuko haununuliki.

Ukienda, nenda mvua za masika zikishakata, Juni au Julai, barabara zikiwa zimekauka na ngano imesimama shambani. Lala Karatu, panda Mbulu mapema. Chukua raba zako. Watakukaribisha ukimbie nao, na kwa kilomita ya kwanza watakwenda taratibu kwa ajili yako.